Mishono ya Meli Ndogo

"Kaka, huo uzi unaununua au unauposa?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, na duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mafundi walisukumana na akina mama walioshika vipande vya vitambaa wakitafuta vifungo vya kufanana navyo, na pale kaunta alisimama kijana mrefu mwenye koti jeupe, amepanga rola sita za uzi mbele yake kama mtu anayeuza yeye. Anachomoa uzi, anauinua kwenye mwanga wa taa, anafumba jicho moja, anausugua kwa vidole, anaurudisha. Muuza duka alikuwa ameshika tama.

Aliyeuliza alikuwa msichana wa nyuma yake, fundi cherehani ambaye wenzake kazini walimwita Sindano. Si kwa ajili ya kazi yake, la. Kwa ajili ya ulimi wake. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya haradali alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni kama lililomwagwa juu yake, na kwenye ukosi alikuwa amechomeka pini nane alizosahau kuzitoa alipokuwa anakimbilia zipu.

Kijana aligeuka. Wala hakuona haya.

"Natafuta usio na manyoya."

"Usio na nini?"

"Tazama." Akamsogezea uzi karibu na macho. "Unaviona hivi vinyweleo? Kwenye shati havionekani. Kwenye meli yangu kila kimoja ni kama tawi la mti."

"Una meli?"

"Ninayo."

"Kubwa?"

"Sentimita sitini."

Foleni ikacheka tena, na mama mmoja akauliza kama abiria wanapanda kwa kujikunja. Sindano hakucheka. Aliuchukua ule uzi, akaupitisha kati ya kucha mbili.

"Uzi wa pamba wote una manyoya. Tafuta nta ya nyuki, upitishe mara mbili, kisha uuvute kwa vidole kwa nguvu mpaka upate moto. Manyoya yote yanalala. Haya lipa, kaka, nina mteja amesimama kwetu na mgongo wazi."

Kijana alimtazama mdomoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Samahani. Meno hayo ni yako?"

"Unataka yawe ya nani?"

"Usikasirike, dada. Ni kazi yangu. Natengeneza meno ya bandia. Nikiyaona ya kweli yamepangika namna hiyo, nashindwa kujizuia."

Sindano, ambaye katika maisha yake alikuwa amesifiwa macho, shingo, hata nyayo, hakuwahi kukutana na hili. Alichukua kalamu ya muuza duka, akaandika namba ya simu kwenye karatasi ya kufungia vifungo.

"Ukishindwa na nta, piga. Ukishinda, usinisumbue."

Alipiga keshokutwa yake, saa ya chakula cha mchana.

"Nimeshinda," alisema.

"Sasa mbona unanisumbua?"

"Nimepiga kuomba nishindwe."

Kwenye karakana, cherehani zote tano zilinyamaza. Karakana ilikuwa ya shangazi yake Sindano, mwanamke mnene mtulivu mwenye miwani mbili, moja ya kukatia na moja ya kutazamia watu. Mashine ya jirani ilikuwa ya Vifungo, shoga yake, ambaye hakuwa na siri wala hakumwachia mwingine awe nayo.

"Nani huyo?" aliuliza Vifungo kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Nahodha," alijibu Sindano, akaondoka na simu hadi ngazini. Jina likashika tangu siku hiyo.

Nahodha aliishi chumba kimoja ghorofa ya nne. Jumapili ya kwanza Sindano alipofika, alisimama mlangoni akashindwa kuingia, maana chumba kilikuwa cha meli, na mtu alikaa pembeni kama mpangaji. Meza pekee ilikuwa chini ya dirisha, na juu ya meza ilikaa meli yenyewe: milingoti mitatu, tumbo la rangi ya asali, mbao nyembamba kama njiti za kiberiti zimelaliana moja juu ya nyingine bila pengo. Hewa ilinuka gundi na vumbi la mbao, na Nahodha mwenyewe alinuka karafuu na plasta ya kazini.

"Umeinunua ikiwa vipande?"

"Vipande!" Alikasirika kweli, nyusi zikapanda. "Hii ilikuwa kabati la mama. Nililichana mwenyewe. Kila ubao niliuchemsha, nikaupinda juu ya bomba la moto, nikaushika kwa mkono mpaka ukakubali. Vibaya nilivyotupa vingetosha kuwasha jiko mwezi mzima. Mwaka wa tatu huu."

"Basi, basi, Nahodha, usinizamishe. Nimeuliza tu."

Akacheka, hasira ikamtoka. Akamwekea kiti, kiti pekee kilichobaki zaidi ya kile cha kufanyia kazi, akamweleza huku anatazama mikono yake. Kazini, alisema, meno yake yakiwa mazuri hakuna anayeyaona. Mtu anatabasamu, watu wanasema ana meno mazuri, basi. Yakiwa mabaya ndipo anatafutwa aliyeyatengeneza. "Nataka kitu kimoja duniani ambacho mtu akikitazama atauliza, nani kafanya hiki?"

"Na matanga yake yako wapi?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Kila nikishona, inaonekana kama meli imevaa nepi."

Sindano alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akavua viatu, akaivuta taa karibu.

Kazi ya matanga ya kwanza ilichukua wiki tano, na mapenzi yalikomaa humo humo. Alitafuta bafta nyepesi kuliko zote, akaichovya kwenye chai ya rangi ipoteze ule weupe wa dukani. Hakutumia mashine, kwa sababu mshono mfupi kabisa wa mashine, kwenye meli ambayo baharia wake angekuwa na urefu wa sentimita moja na nusu, ulikuwa mrefu kama kiganja cha mtu. Alishona kwa sindano ya shanga, pumzi ameizuia, mishono ishirini kwenye upana wa ukucha. Alianza na matanga manne ya mlingoti wa mbele, yale yanayoonekana kwanza.

Simu zilikuwa asubuhi na mchana.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula nusu. Nusu nimekubakizia rohoni."

"Nahodha, mashairi hayo ulitunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Siku aliyompelekea yale manne, yamelazwa kwenye kisanduku cha pete kilichopitwa na wakati, Nahodha aliyapokea kwenye kiganja. Alifunua pindo la moja kwa ncha ya kibanio. Akahesabu. Akahesabu tena. Halafu akaweka kisanduku chini, akachukua mkono wa kushoto wa Sindano, akabusu ncha ya kidole cha shahada, pale sindano ilipokuwa imemchoma wiki tano nzima. Hakusema shairi lolote. Sindano aliteremka ngazi za ghorofa zile nne bila kuzihisi.

Wiki moja baadaye Nahodha alipiga akiwa na haraka: ameitwa kazini, kuna mzee ameketi kwenye kiti cha daktari bila meno hata moja, lakini yeye aende tu chumbani, ufunguo ataupata kwa mwenye nyumba, asubiri dakika kumi, atakuwa amefika.

Sindano aliingia ametabasamu. Mlingoti wa mbele ulikuwa uchi.

Matanga manne yalikuwa mezani, hayana pindo, hayana mshono, vitambaa vinne vya rangi ya chai vilivyokwisha kulegea. Na juu ya kiti chake, kile alichokalia kila Jumapili, palikuwa na sahani ndogo, na ndani ya sahani zilikuwemo nyuzi. Nyuzi zake zote, zimefumuliwa moja moja, zimekusanywa, zimewekwa kitini.

Hapa ni lazima msomaji ajue jambo. Katika karakana ya shangazi kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: mshono wa fundi haufumuliwi na mtu mwingine. Ukikosea, shangazi anakuita, anakupa kiwembe, unafumua mwenyewe mbele yake, mnacheka, kazi inaendelea. Lakini siku shangazi akikuchoka kabisa hakwambii neno. Anaifumua kazi yako kwa mkono wake, anazikusanya nyuzi, anaziweka juu ya kiti chako. Unafika asubuhi, unaziona, unachukua mkoba wako. Sindano alikuwa amelishuhudia hilo mara mbili katika miaka tisa, na hakuna hata mmoja kati ya wale wawili aliyeuliza kwa nini. Hakuna anayeuliza.

Naye hakuuliza. Aliweka ufunguo mezani, akachukua mkoba wake, akashuka.

Simu ililia jioni hiyo mara tisa. Ikalia kesho yake. Ujumbe ulikuja: *Mpenzi, nimekukosea nini?* Alipousoma, moto ulimpanda hadi masikioni. Amemfumulia kazi ya wiki tano, amemwekea kitini, halafu anauliza! Sindano alishona kwa hasira siku kumi na moja. Alishona mikono ya mashati kwa kasi ambayo hata Vifungo aliogopa kumtania, na kila alipofika mwisho wa mshono aliukata uzi kwa meno, yale meno yaliyokuwa yamesifiwa, akatamani asingekuwa nayo.

Siku ya kumi na mbili simu ililia ikiwa juu ya meza ya kukatia, na aliyekuwa karibu ni shangazi. Aliipokea, akaiweka kwenye spika, akabadilisha miwani.

"Mimi ni shangazi yake. Sema."

"Shikamoo, shangazi." Sauti ilikuwa imechoka. "Naomba uniambie kosa langu tu. Hata kama harudi. Nijue."

"Marahaba. Mwanangu, kazi yake uliifumua?"

"Ndiyo."

"Na nyuzi ukaziweka wapi?"

"Kwenye kiti."

Cherehani zote zilisimama. Vifungo aliziba mdomo.

"Kwa nini kitini?"

"Meza imejaa meli, shangazi. Nilitaka nizitunze, zile nyuzi. Alizipaka nta kwa mkono wake. Singeweza kuzitupa."

Shangazi aliinua macho, akamtazama Sindano juu ya miwani. Kisha akamweleza kijana, polepole, maana ya nyuzi juu ya kiti katika nyumba hii. Upande wa pili wa simu ilisikika sauti ya mtu kuketi.

"Sasa hilo la kiti tumelielewa," shangazi aliendelea. "Hukujua. Lakini kufumua ulifumua kwa akili zako. Kwa nini?"

Kiti kilikwaruza sakafu upande wa pili; kijana alikuwa ameinuka tena.

"Hilo siwezi kulisema kwa simu."

"Basi lilete."

Alifika baada ya saa moja na nusu, kwa teksi, ameikumbatia meli iliyofunikwa shuka, na dereva akimfungulia milango kama anayembeba mgonjwa. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikosa kifungo cha pili. Shangazi aliamuru meza ya kukatia isafishwe, meli ikawekwa juu yake, na wanawake wakasimama kuizunguka, maana walikuwa wamesikia habari zake tu. Sindano alibaki kwenye mashine yake, amegeuza mgongo.

"Nani kafanya hiki?" Vifungo aliuliza, akasahau kuwa anamjua.

Kijana hakufurahi kuulizwa. Alitoka jasho.

"Fundi," alimwambia Sindano, "nakuomba utazame mlingoti wa mbele."

"Nimeshautazama. Upo uchi."

"Utazame kwa jicho la fundi."

Aligeuka kwa shingo upande. Akatazama. Akainuka, akasogea, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na sitaha, ile sakafu ya juu ya meli. Alikuwa amezoea kuona pindo lililopotoka kwa uzi mmoja.

"Umeegemea kulia."

"Umeegemea kulia. Shimo la chini, ndani huko unapokaa mguu wa mlingoti, nililitoboa upande. Kwa macho tu huoni. Lakini nilipoyatundika matanga yako yakakunjamana yote upande mmoja, kwa sababu yenyewe yalikuwa yamenyooka. Mtu yeyote angesema aliyeshona hajui." Alimeza mate. "Kuunyoosha mlingoti ni lazima nifungue sitaha. Ni miezi saba ya kazi. Sikuweza. Nikasema nitayafumua matanga, niyakate upya, yapinde kama mlingoti ulivyopinda, ili kosa langu lisionekane. Nilidhani ukiyaona utaniuliza tu, sikudhani utaondoka. Nilitaka kuipinda kazi yako ili yangu ionekane imenyooka. Ndilo hilo. Hilo ndilo sikuweza kusema kwa simu."

Sindano aliugusa mlingoti kwa ncha ya kidole.

"Ungeniambia," Sindano alisema, "ningekucheka siku mbili, basi."

"Siku mbili zako ni kali."

Vifungo alitoa sauti ya kicheko, shangazi akamkanyaga.

Nahodha akamgeukia shangazi. "Naomba kiwembe."

Shangazi alikitoa kwenye mfuko wa gauni, akampa. Kijana alivuta pumzi, akapenyeza ncha chini ya ubao wa kwanza wa sitaha, kando ya mlingoti. Ulilia kidogo, ukaachia. Akauweka pembeni. Wa pili. Wa tatu ukavunjika mikononi mwake. Akafumba macho, akaendelea. Mbao nyembamba za miezi saba zilianza kurundikana kwenye meza ya kukatia kama mabaki ya vitambaa.

Alipofika ubao wa kumi na tano, kigoda kiliburuzwa sakafuni. Sindano aliketi kando yake na penseli.

"Unazichanganya," alisema. "Utarudishaje? Nipe."

Akaandika namba nyuma ya kila ubao, akazipanga safu. Mmoja anang'oa, mwingine anapanga. Wanawake walirudi kwenye mashine zao mmoja mmoja, ingawa hakuna mashine iliyosikika ikikimbia.

"Siku kumi na moja ulikuwa unakula?" Sindano aliuliza bila kuinua macho.

"Nusu."

"Usianze."

"Sijaanza. Ni kweli nusu."

Shimo la sitaha lilipokuwa pana la kutosha, Sindano aliinama kuchungulia ndani. Nahodha akaweka kiganja juu.

"Usiangalie huko."

"Ondoa mkono."

"Huko ni kubaya. Huko hakuna aliyetakiwa kuona."

"Mimi fundi cherehani, bwana. Nguo naanza kuiangalia ndani." Akauondoa mkono wake kidole kimoja kimoja, na hakuuachia.

Ndani ya tumbo la ile meli nzuri palikuwa na gundi iliyochuruzika, mbavu zilizovunjika zikaungwa, namba zilizoandikwa zikakatwa zikaandikwa tena. Mahali pamoja, kwa kalamu iliyokandamizwa hadi ubao ukachubuka, palikuwa na neno: *MJINGA*. Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Sindano alilitazama lile neno muda mrefu, akaona kijana wa ghorofa ya nne, peke yake, akijitukana mahali ambapo hakuna mtu angesoma.

"Hapa ndipo ulipokosea ubavu wa tano?"

"Wa sita. Wa tano nilikosea mwezi uliofuata."

Sindano akacheka, machozi yakamchungulia. Pamoja walilisafisha shimo la chini, wakalitanua, wakapachika kabari nyembamba ya mbao, na Nahodha akasimamisha mlingoti huku Sindano ameinama mbali, jicho moja amelifumba, akimwelekeza. Kushoto. Kidogo. Umezidi. Rudi. Hapo. Hapo hapo, usipumue.

Walisubiri gundi ikauke, mkono wa kijana ukiwa umeushika mlingoti. Hakugeuka alipozungumza.

"Nataka uwe unaniona nikikosea. Kila siku. Nyumbani kwetu. Kama hutachoka."

Vifungo alichomoza kichwa nyuma ya cherehani yake. "Samahani, kaka, hiyo ni posa au ni onyo?"

"Vyote," alisema Nahodha, masikio yamemwiva.

Sindano aliondoka mezani, akaenda kwenye kabati, akarudi ameshika utepe wa kupimia. Akasimama nyuma ya kijana, ambaye hakuweza kusogea kwa sababu ya mlingoti, akautandaza kutoka bega hadi bega.

"Unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Suti. Unafikiri nitaolewa na shati hilo? Shangazi, andika."

Shangazi alikuwa ameshavaa miwani ya kukatia, daftari limefunguka. "Soma."

"Mabega, kumi na nane na nusu."

"Nimeandika."

"Mabega, kumi na nane na nusu."

"Umeshasema, mwanangu. Shuka kwenye mkono."

Lakini utepe ulibaki pale pale, kwa sababu kijana aliyekuwa anapimwa alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yakipanda na kushuka.

"Tulia, Nahodha! Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Hivyo ndivyo ulivyo au ni kicheko?"

"Ndivyo nilivyo."

Shangazi aliinua kalamu. "Nikuandikie pedi ya bega, upande huo usawazishwe?"

"Usiandike," alisema Sindano. "Nitalishona lilivyo."